Anaona, tena upesi

Hizi ni dhana tatu ambazo watu huwa nazo kuhusu mtoto mwenye usonji (autism).

Dhana: "Huyo hayupo. Hata ukimpungia mkono haoni."

Anaona, na pengine amekuona kabla hujamaliza kupunga. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watoto mistari inayosogea kwenye skrini, waseme inaelekea kushoto au kulia. Mistari ilipokolea, wenye usonji waliitambua kwa takriban nusu ya muda waliouhitaji wenzao. Kwa hiyo mtoto anayekodolea feni macho dakika kumi hajapotea, ana kazi. Kinachoweza kumlemea ni stendi ya daladala, ambako kila kitu kinakwenda kwa mpigo.

Dhana: "Hajui mtu anakusudia nini."

Hii ndiyo iliyoota mizizi. Mwaka 1985, huko London, watoto walionyeshwa wanasesere wawili. Sally anaweka gololi kikapuni na kutoka. Nyuma yake Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walionyesha pale gololi ilipo kweli, si kikapuni alikoiacha Sally. Wale wanne waliopata ni kama walisahaulika, na habari ikaenea kwamba watoto hawa hawasomi nia za watu.

Lakini swali lilihusu anachoamini Sally, na kulijibu kunataka lugha. Kusudi la mkono ni jambo jingine kabisa. Katika majaribio mengine mtu mzima alijaribu kutenganisha kitu, mkono ukamteleza, akashindwa. Watoto wengi wenye usonji walipopewa kitu kile hawakuiga kuteleza. Walikitenganisha. Walijua alitaka nini.

Dhana: "Kasoro ni yake peke yake."

Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili. Miaka minne baadaye, watu wazima waliombwa wasogeze pembetatu mbili zionekane kama zinadhihakiana au kubembelezana. Wasio na usonji walipata taabu kusoma pembetatu zilizosogezwa na wenye usonji.

Kwa jirani yangu kuna mtoto asiyesema. Akisikia kiu hunishika mkono, hunivuta hadi kwenye mtungi, na kuuweka mkono wangu juu ya kata. Wageni husema hajui kuomba. Kikombe huwa ameshakishika kwa mkono wa pili.