Kibuyu Kinapogusa Kifua

Mgeni akija Mwanza kutafuta muziki wa Kisukuma, hupelekwa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kuona ngoma ya bugobogobo, majembe yakirushwa juu kwa mdundo wa ngoma kubwa. Ni sahihi. Hata mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, yalikuwa hivyohivyo: muziki wa kuvuta umati. Lakini uko pia muziki wa mtu mmoja, na huo ndio ninaopenda kuurekodi. Namaanisha ndono.

Ndono ni upinde wenye waya mmoja, na kibuyu kilichokatwa mdomo kimefungwa mgongoni mwake. Mpigaji huugonga waya kwa kijiti chembamba, huku mdomo wa kibuyu ukiwa kifuani. Akikibana, sauti inazama. Akikiachia kidogo, zinachomoza sauti nyembamba za juu ambazo muda wote zilikuwa ndani ya waya uleule. Kifua ndicho kifuniko.

Kijana mmoja wa Igoma alikuja kwangu na ndono aliyoachiwa na babu yake. Kwa miaka mingi alikuwa akiimba nyimbo za watu wengine kwenye harusi. Hana lebo wala meneja. Wimbo wake, nusu Kisukuma nusu Kiswahili, unaanza na binti anayesubiriwa bandarini, meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, imefika na yeye hayumo. Bila kituo unahamia kwenye kaburi la babu. Mwisho anajiita kwa jina la babu huyo, jina ambalo shuleni alilificha kwa aibu. Mapenzi, msiba na kujitambua, yote katika pumzi moja ya dakika tisa.

Siku ya kwanza nilikosea. Nilimwomba akiweke kibuyu mbali kidogo na mwili ili maiki ipate sauti safi. Tulipata sauti safi kweli, ila wimbo ulikuwa umekufa. Tukarudia saa kumi alfajiri, kabla ya kunguru na bodaboda. Nilimvua jaketi, maana zipu hugongana na kibuyu, akabaki na fulana ya pamba. Maiki nikaweka moja tu, kama mita moja mbele yake, kati ya kinywa na kibuyu. Ukitenga sauti ya mwimbaji na ya ndono kwa maiki mbili, utashawishika kuzipima upya baadaye, na uwiano wake yeye ameshaupima kwa mwili wake.

Kituo kimoja cha redio kilitaka dakika tatu. Tulikataa, na ningekataa tena: ukikata katikati, binti na babu hawajuani.

Usikilize kwa hedifoni. Anapofika kaburini ananyamaza, kijiti kinaendelea polepole, na kibuyu kinafunguka na kufunga bila mpangilio wa mdundo. Hapo hakichezeshi kwa mkono. Ni kifua chake kinapanda na kushuka.