Panya Aliyekimbilia Chakula Asichokitaka

Wazazi wanaotujia kutoka Kisauni, Likoni na Changamwe, wakitaka msaada kwa watoto wao walionaswa na uraibu, hulia kilio kimoja: "Mwanangu alikuwa na bidii. Tangu azoee maskani amekuwa mvivu, na kila siku aniapia ataacha." Neno hilo, mvivu, hunitia uchungu, maana panya wa maabara wametufunza mengine.

Mwaka 2005, watafiti wa Marekani Geoffrey Schoenbaum na Barry Setlow walichapisha jaribio ambalo mimi hulisimulia kila nikialikwa kuzungumza. Panya walidungwa kokeini kwa muda wa wiki 2 hivi, kisha wakaachwa wiki kadhaa bila dawa yoyote. Ndipo wakafunzwa kwamba ishara fulani ikitokea, chakula kinakuja. Wakishajua hilo, wakala chakula kilekile na kudungwa kitu cha kuwachafua tumbo, mpaka wakakichukia. Sasa ishara ikaletwa tena. Panya ambao hawakuonja kokeini maishani mwao walipunguza kukiendea chakula. Wale waliowahi kudungwa kokeini waliendelea kukimbilia palepale. Na si kwamba bado walikipenda, kwani wakiwekewa walikikataa kama wenzao. Tumbo limekataa, miguu inakwenda.

Huo si uvivu. Ni mizani iliyoharibika. Mnyama anajua, lakini anachokijua hakifiki pale uamuzi unapokatwa.

Kwa nini? Katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini. Mtafiti Wolfram Schultz, aliyepima kwa tumbili seli zinazoitoa, aliona kwamba tumbili akishazoea kupewa tone la sharubati baada ya ishara, seli zile huamka kwa ishara wala si kwa sharubati. Kazi ya dopamini basi ni kufundisha: hiki kinaelekea kwenye kheri, kifuate. Kokeini huzuia dopamini isirudishwe ndani ya seli, na amfetamini, dawa nyingine ya kuchangamsha mwili, huilazimisha imwagike. Funzo linaandikwa kwa wino mzito hata pasipokuwa na kheri yoyote.

Hapa Mombasa twaulizwa zaidi juu ya miraa na muguka. Ndani ya majani hayo mna kathinoni, iliyotambuliwa mwaka 1975, nayo ni jamaa wa karibu wa amfetamini, ingawa nguvu zake ni kidogo. Hupungua jani likikauka, ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari hukimbizwa nayo kutoka Meru. Sitaki kumtisha mtu: jani linalotafunwa polepole si sindano ya kokeini, na panya si kijana wa Majengo. Lakini mlango ambao jani na kokeini hupitia ubongoni ni ule mmoja.

Jambo ambalo ningependa wanaotafuna walizingatie ni saa. Serge Ahmed na George Koob, mwaka 1998, waliwaachia panya wajipatie kokeini wenyewe. Waliopewa saa 1 kwa siku walibaki na kiasi kilekile. Waliopewa saa 6 walizidi kuongeza siku baada ya siku. Dawa ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni muda wa kukaa nayo. Nikipita barazani baada ya alasiri na kuwakuta vijana walewale nitakapopita tena usiku wa manane, jaribio hilo hunijia.

Mwaka 2018, Marco Venniro na wenzake waliwapa panya waliokwisha kuzoea methamfetamini, jamaa mwingine wa amfetamini, hiari ya mambo mawili: dawa, au kufunguliwa mlango wakutane na panya mwenzao. Karibu wote, hata walioonyesha dalili zote za uraibu, walimchagua mwenzao. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza niliusoma tena, maana katika kazi hii habari njema ni chache.

Lakini mwenzao alipocheleweshwa, au kumfikia kulipoambatana na adhabu ya shoti ya umeme, panya walirudi kwenye dawa.

Kwa hiyo siku hizi kijana akifika ofisini kwetu hatumpi tarehe ya wiki ijayo. Anakaa, analetewa chai, na mmoja wetu huzungumza naye saa ileile. Mzazi aliyemleta nasi humwomba ayaache makaripio nje, aingie akae kando yake.