Je, wajua kwa nini Boeing 747 ina nundu?

Ukitazama picha ya Boeing 747, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye ile nundu nyuma ya pua. Wengi hudhani iliwekwa ili abiria wa daraja la kwanza wapate ghorofa yao. Kumbe iliwekwa kwa sababu ya mizigo, na habari yake inaanzia kwenye zabuni ya jeshi ambayo Boeing iliikosa.

Miaka ya 1960, Jeshi la Anga la Marekani lilitaka ndege kubwa ya kubeba hata vifaru. Kampuni za Boeing, Douglas na Lockheed zikapeleka michoro. Mwaka 1965 Lockheed ikashinda, na ndege yake ikaitwa C-5 Galaxy. Aprili 1966, shirika la ndege la Pan Am likaiagiza Boeing ndege ishirini na tano za 747.

Hapo ndipo watu huunganisha wakasema 747 ni ile ndege ya jeshi iliyobadilishwa kazi. Sisi wa Kigoma tunajua kubadilishwa kazi kulivyo. Liemba ilianza kama meli ya vita ya Wajerumani mwaka 1915, ikazamishwa, ikaibuliwa, na toka 1927 chuma kilekile kikabeba abiria ziwani. 747 haikuwa hivyo, na Joe Sutter, aliyeongoza wahandisi wake, alikanusha waziwazi.

Tazama mabawa. Ndege ya mizigo ya jeshi huwa na mabawa juu ya mwili, ili tumbo likae chini na magari yaingie yenyewe. Simama uwanja wa ndege wa Kigoma wakati ndege ya Q400 ya Air Tanzania ikishusha abiria: mabawa yamepita juu ya madirisha, ingawa hapo sababu ni panga boi, zisiguse lami. Mabawa ya 747 yako chini. Ulikuwa mchoro mpya.

Basi 747 ilirithi nini kwenye zabuni ile ya jeshi? Kwangu mimi kikubwa kuliko vyote ni injini. Injini za kwanza za 707, ndege ya Boeing iliyoitangulia 747, zilipitisha hewa yote katikati, kwenye moto. Jeshi lilipodai nguvu nyingi kwa mafuta machache, watengenezaji wakaweka feni kubwa mbele, hewa nyingi ikapita pembeni ya moto na kuisukuma ndege bila kuchomwa. General Electric ilishinda zabuni ya injini za C-5. Mshindani wake, Pratt & Whitney, ikashindwa, lakini kazi yake ikazaa injini ya JT9D, iliyoirusha 747 mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969. Bila injini ya namna hiyo, 747 ingebaki karatasini.

Na nundu? Wakati huo Boeing iliamini ndege zipitazo kasi ya sauti zingechukua abiria wote, 747 ibaki na mizigo. Kwa hiyo pua ilipaswa kufunguka kwenda juu, kama ya C-5, kontena ziingie mbili ubavu kwa ubavu. Marubani wangekuwa njiani, wakapandishwa juu. Nyuma yao mwili ukateremshwa taratibu ili upepo upite vizuri, na nafasi iliyopatikana humo ikageuzwa sebule ya abiria. Upana wa kontena mbili ndio ulioleta njia mbili za kupita kati ya viti.

Mradi wa Boeing wa kupita kasi ya sauti ulifutwa mwaka 1971, 747 ikabeba abiria kwa miongo mitano. Ya mwisho kutengenezwa ilikabidhiwa Januari 2023. Ni ya mizigo, na pua yake inafunguka.