Iventi si mbio za farasi: dhana potofu na ukweli

Kila Olimpiki ikifika, iventi, mchezo wa wapanda farasi wenye mitihani mitatu, hupata watazamaji wapya, na wengi wao huja na wazo moja: kuna farasi, kuna uwanda, kuna saa, basi atakayewahi ndiye bingwa.

"Mwenye kasi ndiye anayeshinda." Sivyo. Mpanda farasi mmoja na farasi mmoja, yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho, hupita mitihani mitatu: dresaji (kuonyesha mwendo na utii wa farasi uwanjani), nyika (kukimbia njia ndefu ya nje yenye vizuizi), kisha kuruka viunzi uwanjani. Alama zinazojumlishwa ni za adhabu, na mwenye chache kuliko wote ndiye wa kwanza. Nyikani kuna muda uliowekwa, unaopigwa hesabu kwa mwendo wa mita 570 kwa dakika katika ngazi za juu. Ukiupitisha, kila sekunde inakugharimu alama 0.4. Ukiwahi kwa sekunde 20, huongezewi chochote, umemchosha farasi bure. Ndiyo maana utawaona wazoefu wakitupia jicho saa ya mkononi, na wakikaribia mwisho wakiwa mbele ya muda, wanavuta hatamu kidogo.

"Dresaji ni mapambo tu, mchezo wenyewe unaanza nyikani." Hii ndiyo dhana inayowapotosha watu kuliko zote, na nakiri kwamba dresaji haimsisimui asiyeizoea: farasi anazunguka uwanja kwa utulivu, anabadili mwendo, anasimama, anarudi nyuma. Majaji wanatoa asilimia, wastani wake unaondolewa kwenye 100, na kinachobaki ni adhabu. Aliyepata asilimia 78 anaondoka na 22. Hilo ni deni lisilolipika. Hakuna ushujaa wa nyikani utakaolipunguza. Unachoweza kufanya ni kutoliongeza.

Tazama Paris 2024, mashindano yaliyofanyika Versailles. Laura Collett wa Uingereza alipata 17.5 katika dresaji, rekodi ya Olimpiki. Michael Jung wa Ujerumani akamfuata kwa 17.8. Christopher Burton wa Australia akapata 22.4, kisha hakuongeza hata nukta moja: nyikani alikuwa ndani ya muda, na viunzi vyote vikabaki mahali pake. Jung aliangusha ufito mmoja wa kiunzi, adhabu 4, akaishia na 21.8. Dhahabu ikaenda kwa aliyeangusha, fedha kwa asiyeangusha, na Collett akachukua shaba kwa 23.1. Kati ya Jung na Burton palikuwa na alama 0.6, yaani sekunde moja na nusu ya nyikani. Anayeipuuza siku ya dresaji hawezi kueleza matokeo hayo.

Jung huyo ndiye mtu wa kwanza kutwaa dhahabu tatu za Olimpiki za iventi ya mtu mmoja mmoja: 2012 na 2016 akiwa na farasi Sam, 2024 akiwa na farasi Chipmunk.

"Farasi ameshaizoea njia ile." Hajawahi kuiona. Anayeijua ni binadamu. Siku kabla ya mashindano, wapanda farasi huitembea njia nzima kwa miguu, mara kadhaa, wakihesabu hatua kati ya kizuizi na kizuizi, wakiinama kuangalia udongo mahali farasi atakapotua, wakijiuliza jua litakuwa upande gani saa ya zamu yao. Kila kizuizi kina bendera nyekundu kulia na nyeupe kushoto, na farasi lazima apite katikati. Mara nyingi pana njia mbili: fupi yenye kona kali na hatari, na ndefu iliyo salama lakini inayokula sekunde. Farasi akigoma kuruka mara ya kwanza ni adhabu 20. Akigoma tena palepale, 40. Mgomo wa tatu unamtoa. Mpanda farasi akianguka, safari imekwisha hapohapo, hata kama ameinuka bila mkwaruzo.

Kuna pia adhabu inayowashangaza wengi. Baadhi ya vizuizi vimefungwa kwa kifaa kinachoachia farasi akivigonga kwa nguvu, ili asipinduke na kumwangukia aliyempanda. Kikiachia, ni adhabu 11. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Jung alikuwa akiongoza baada ya dresaji. Kwenye kizuizi cha 14 miguu ya Chipmunk iligusa, kifaa kikaachia, na rufaa haikusaidia. Alama 11 ni sawa na kuchelewa sekunde 27 na nusu. Alimaliza wa 8. Mimi naona kanuni hiyo ni kali mno kwa mguso wa aina ile, ingawa kifaa chenyewe sina ugomvi nacho.

"Ni mchezo wa wanaume." Dhahabu hiyo ya Tokyo ilichukuliwa na Julia Krajewski, mwanamke wa kwanza kuishinda kwa mtu mmoja mmoja. Katika iventi wanawake na wanaume hushindana pamoja, bila kutenganishwa. Dhana hii ina mizizi, lakini: mchezo uliingia Olimpiki mwaka 1912, Stockholm, kama mtihani wa maofisa wa jeshi, na wanawake hawakuruhusiwa hadi 1964. Mwaka huo Lana du Pont wa Marekani alianguka mara mbili nyikani, akamaliza, akapata fedha ya timu. Kwa kanuni za leo angetolewa alipoanguka mara ya kwanza.

"Siku hizi hatari imekwisha." Imepungua, haijakwisha. Farasi hukaguliwa mbele ya waamuzi na daktari wa mifugo kabla ya dresaji, na tena baada ya nyika kabla ya viunzi, anayechechemea haendelei. Hata hivyo, Jet Set, farasi wa timu ya Uswisi, aliumia nyikani Tokyo ikabidi auawe ili asiteseke.

"Ukishamaliza safi na ubao ukaonyesha namba nzuri, medali ni yako." Katika Olimpiki, matokeo ya timu na ya mtu mmoja mmoja hutoka kwenye mitihani ileile, kisha 25 bora wanaruka raundi ya ziada kuwania medali yao binafsi. Athens 2004, katika raundi ya kwanza ya viunzi, Bettina Hoy wa Ujerumani alivuka mstari wa kuanzia, akazunguka, akauvuka tena, na saa ya ubaoni ikaanza upya. Waamuzi walimpa adhabu ya muda, kamati ya rufaa ikaifuta, naye akavishwa dhahabu. Siku chache baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikairudisha adhabu ile. Leslie Law wa Uingereza akapanda kutoka fedha hadi dhahabu, Kimberly Severson wa Marekani akapata fedha, Pippa Funnell wa Uingereza shaba. Dhahabu ya timu nayo ilihama kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa, kwa sekunde zilezile.