Poka ya bure mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo

Tunazungumzia Texas Hold'em, poka ambayo kila mmoja hupewa karata mbili na nyingine tano za wote hufunuliwa mezani, tatu za kwanza kwa pamoja: huna kiingilio unacholipa, na pesa za zawadi ni za kweli.

"Ni bure, weka chipu zote mkono wa kwanza." Tuseme wameingia watu 2,000, kila mmoja na chipu 1,500. Ili ubaki peke yako lazima ukusanye chipu milioni 3, yaani uziongeze maradufu mara 11 hivi. Kwa bahati ya kurusha shilingi, nafasi yako ni 1 kati ya 2,048. Ukisubiri mikono inayokupa asilimia 60, ni 1 kati ya 276 hivi.

"Programu imechakachuliwa, ree zangu zinapigwa kila siku." Ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda mara 85 kati ya 100. Dhidi ya wanne, mara 56 tu. Blaindi ni dau la lazima ambalo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, moja dogo na jingine kubwa. Ukipandisha dau hadi mara mbili ya blaindi kubwa, umewakaribisha wote. Blaindi zikiwa 10 na 20, na wawili wameshafuata (wameweka dau lile lile bila kupandisha), pandisha hadi 140 au 160. Wapo watakaofuata hata hiyo, na ndio unaowataka.

"Mchezaji hodari huchimba mkwara." Si hapa. Mkwara, yaani kuweka dau bila karata nzuri ili wengine watupe zao, humtisha mwenye cha kupoteza. Aliyeingia bure na jozi ya 4 atafuata hadi karata ya tano ili aone tu. Ukiwa na jozi ya karata kubwa kuliko zote za mezani, weka theluthi mbili ya kilichomo mezani kila mzunguko, akulipe. Mkwara huanza kufanya kazi zawadi zikikaribia: wanalipwa 100, mmebaki 108, na wenye chipu za wastani wanatupa hata mikono mizuri.

"Karata mbili za kopa zichezwe daima." Kopa tatu kuteremka kwa pamoja mezani ni mara 1 kati ya 119 hivi. K na 3 tupa.

"Vumilia tu, ree zitakuja." Ree mbili huja mara 1 kwa mikono 221, na blaindi zinapanda bila kukusubiri. Chipu zikibaki sawa na blaindi kubwa 10 au pungufu, acha kufuatafuata madau: weka zote au tupa. Ukiwa wa mwisho kuamua kabla ya wenye blaindi na wengine wametupa, ree yoyote, jozi yoyote au K na J vinatosha. Ukingoja hadi zibaki blaindi kubwa 3 umechelewa, maana mwenye blaindi kubwa anaongeza mbili tu kukufuata. Hatupi.

"Vizawadi hivyo havifiki popote." Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, alianzia sifuri kwenye mashindano ya bure akafikisha dola 10,000. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Ukiacha viingilio vya chini kabisa, kwenye mashindano ya meza nyingi hakuruhusu kiingilio kizidi asilimia 2 ya akiba: mwenye dola 150, mwisho wake dola 3.