Al Ain na Buraimi: Oasisi Moja, Nchi Mbili

Ramani ya leo inaonyesha miji miwili: Al Ain, iliyo upande wa Abu Dhabi katika Falme za Kiarabu, na Buraimi, iliyo upande wa Oman. Kwa sisi tunaoshughulika na mambo ya kale, hapo ni mahali pamoja. Ni oasisi moja ya mitende karibu na mlima Jebel Hafeet, ambayo zamani ilihesabiwa vijiji tisa. Sita viliangukia Abu Dhabi, vitatu Oman. Mpaka wenyewe ni wa juzi tu.

Chini ya mlima huo yapo makaburi ya mawe ya mviringo yenye umri wa miaka 5,000 hivi. Wanaakiolojia wa Denmark walianza kuyachimba mwaka 1959, na ndani wakakuta vyungu vya mtindo wa Mesopotamia, Iraki ya leo. Biashara ya masafa marefu ilikuwa imeshafika huku. Mahali paitwapo Hili, papo hapo Al Ain, lipo kaburi kubwa la baadaye kidogo, na kwenye mlango wake wamechongwa watu wawili pamoja na choroa wawili. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maeneo haya ya Al Ain katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wageni wengi hukimbilia ngome ya Al Jahili, iliyojengwa miaka ya 1890 na Sheikh Zayed bin Khalifa, mtawala wa Abu Dhabi wakati huo. Ni nzuri kwa picha. Ila mwenye saa moja tu ningemshauri aanze na falaji, kwani bila hiyo pasingekuwa na cha kulindwa na ngome.

Falaji ni mfereji wa chini kwa chini. Kisima mama huchimbwa karibu na mlima hadi maji yapatikane, kisha handaki lenye mteremko mdogo sana huyaleta mashambani. Kila baada ya hatua kadhaa kuna shimo la wima, la kuingiza hewa na kutolea udongo. Hakuna pampu wala ndoo. Huko Hili imepatikana falaji ya miaka 3,000 hivi, miongoni mwa za kale kabisa zinazojulikana duniani. Maji yakitokeza juu, kwanza huchotwa ya kunywa, chini yake watu huoga, mwisho ndiyo huenda kwenye mitende. Kila shamba lilipata zamu yake kwa muda: mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Ugomvi wa zamu haukukosekana, na ndiyo maana palikuwa na msimamizi aliyeitwa arifu.

Kuna sura ambayo vipeperushi vya utalii huipita haraka. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki walifanya kazi katika mashamba ya mitende ya Oman na Ghuba, na Hamasa, kimoja cha vile vijiji vitatu, kilijulikana kwa soko la watumwa hadi katikati ya karne ya 20. Kwa msomaji wa pwani yetu, hiyo nayo ni historia ya oasisi hii.

Mafuta ndiyo yaliyoleta mvutano wa mpaka. Saudi Arabia ilidai eneo hili, na mwaka 1952 ikatuma kikosi kikakaa Hamasa. Usuluhishi wa Geneva ulivunjika, na Oktoba 1955 askari waliokuwa chini ya maofisa wa Kiingereza wakakitoa kikosi hicho. Abu Dhabi na Saudi Arabia zilitia saini mkataba mwaka 1974. Miaka hiyo ya mvutano aliyesimamia Al Ain kwa niaba ya Abu Dhabi, tangu 1946 hadi 1966, alikuwa Sheikh Zayed bin Sultan, baadaye rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu. Kati ya mambo aliyoyasimamia kwa karibu ni ukarabati wa falaji.

Kati ya Al Ain na Buraimi, watu waliendelea kuvuka kwenda sokoni na kutembelea ndugu bila kuulizwa hati hadi miaka ya 2000, uzio ulipowekwa. Sasa ukitaka kuuona upande wa pili, beba pasipoti, na uhakikishe viza yako inakuruhusu kurudi.