Miaka 4 haitoshi kuwa msanifu majengo

Kwetu Lubumbashi, kijana akipata nafasi ya kusoma sayansi ya usanifu majengo Marekani, jamaa husema: "Tukope tu. Miaka 4 atakuwa amemaliza, atajenga, deni litakwisha." Juzi huko Katuba nilimkuta shemeji ameshaweka hati ya kiwanja mezani, tayari kuiweka rehani. Nilimsihi asisaini kwanza.

Wengi hudanganywa na jina la digrii. Kule, shahada hiyo ya miaka 4 kwa kawaida ni ya maandalizi tu. Zinazoidhinishwa na NAAB, bodi ya Marekani inayokagua masomo ya usanifu majengo, ni B.Arch (shahada ya kwanza ya kitaaluma), M.Arch (ya uzamili) na D.Arch (ya udaktari). Kwa hiyo, kabla ya kumpa leseni ya usanifu majengo, majimbo mengi humtaka aongeze shahada ya uzamili, yaani ada nyingine, kisha saa 3,740 za mafunzo kazini na mitihani 6. Wakati huo wote anafanya kazi chini ya mwenye leseni, kwa mshahara wa anayeanza, na deni halimngojei.

Tukachukua kalamu. Mkopo wa dola 40,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ukilipwa miaka 10, ni kama dola 444 kila mwezi. Jumla inapita 53,000. Tena mkopo wa serikali ya Marekani haupewi aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi, na mabenki mara nyingi hudai mdhamini anayeishi huko.

Kijana mwenyewe ana kipaji, daftari zake za hesabu zimejaa michoro ya nyumba. Ameiandikia shule kuuliza kama digrii imeidhinishwa na wahitimu wanaanza na mshahara gani. Hati imerudi kabatini hadi majibu yafike.